Vikombe Thelathini na Sita

Shemeji yangu hajui kukaa. Nalisema mapema ili mtu asidhani namsengenya, maana nimeshamwambia usoni mara nyingi, naye hunijibu huku anaondoka. Chakula anakula amesimama, sahani mkononi, bega kwenye fremu ya mlango. Msibani, wenzake wakikaa kufarijiana, yeye yuko uani anasugua masufuria ambayo hayajachafuka. Siku nilipomuoa mdogo wake alipigwa picha kumi na moja, na katika zote uso wake umetoka ukungu kwa sababu alisogea. Kazini tunamwita Mama Mbio. Hata mkurugenzi humwita hivyo, nadhani jina lake halisi halijui.

Tunafanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa vinywaji. Yeye alitangulia, na yeye ndiye aliyeniombea nafasi ya udereva. Watu wakisikia utafiti wa vinywaji huniuliza kama tunalewa kazini. Hatulewi. Tunaonja chai, kahawa, juisi, hata maji matupu, na kazi hiyo inachosha kuliko watu wanavyofikiri. Chumba cha kuonjea kina vibanda kumi na viwili, kila kimoja na kiti, beseni dogo la kutemea, na kijidirisha kinachofunguka upande wa jikoni. Taa ni nyekundu, mtu asije akachagua kwa kutazama rangi. Siku ya kuonja hujipaki manukato, huli kitunguu, huvuti sigara. Ukishaingia kibandani, marufuku kuongea, kuguna au kukohoa kwa makusudi.

Kijidirisha kikifunguliwa unasogezewa vikombe vitatu vyeupe. Kila kimoja kina stika yenye namba isiyo na maana yoyote, mia nne kumi na saba, mia tisa na mbili, ili usione "cha kwanza" ukakipendelea. Viwili vina kinywaji kilekile, kimoja kina kingine. Kazi yako ni kukitaja hicho kimoja. Usipokijua, bahatisha, sheria haikubali kuandika "sijui". Anayebahatisha tu atapatia mara moja katika kila tatu, na hesabu zote za watafiti zinaanzia hapo: je, hawa watu wamepatia kuliko wanaobahatisha?

Waonjaji ni sisi wafanyakazi wenyewe, baada ya kupimwa. Mimi nilipimwa nikawashinda wenye digrii. Nilitofautisha maji yenye chembe ya sukari na yasiyo nayo, nikataja juisi iliyolala siku moja na iliyolala mbili, mpaka wakaanza kuniita Ulimi. Nilivimba kichwa, sikatai. Nyumbani mke wangu alichoka kuniandalia chai, maana kila kikombe nilikitolea hukumu, na mwisho akaniambia nijipikie.

Upande wa pili wa kijidirisha ndiko anakotawala shemeji. Anachemsha, anapima, anamimina, anapanga masinia, na hakuna anayeruhusiwa kuingia humo akiwa kazini. Hajasomea. Alizaliwa wa kwanza kati ya watano, na mama yao alipofariki alikuwa darasa la sita, wa pili darasani. Baba yao, fundi seremala, alimtoa shule ili alee wadogo zake. Hakumfokea wala kumchapa. Asubuhi moja alimwambia tu asivae sare. Yule wa mwisho, ambaye sasa ni mke wangu, alikuwa hajaanza kutembea. Leo wawili ni walimu, mmoja ni nesi, mke wangu anauza dawa kwenye famasi. Wote wamesomea mgongoni kwa dada yao, na wote wanalijua hilo, ila halisemwi mezani. Baba mkwe wangu ndiye hata hataki lisogelewe. Mtu akianza kusema "enzi zile dada alipokuwa shule," mzee anakumbuka ana ubao wa kupiga randa.

Alipikia bweni la wanafunzi, akafiwa na mume, akaja kituoni kufagia sakafu. Siku moja mwandaaji wa sampuli aliumwa, wakamjaribu yeye kwa kukosa mwingine. Alimimina vikombe thelathini na sita bila kudondosha tone, kila kimoja ujazo sawa na mwenzake. Hakurudi kwenye ufagio. Hiyo ni miaka kumi na minne iliyopita.

Kisha akaja Daktari. Huyu si daktari wa kutibu watu, ni wa chai, ingawa mlinzi wa getini mpaka leo humwonyesha goti lake. Ni mwanamke mdogo kwa umri kuliko mimi, mpole, anayeandika kila kitu. Alileta jambo lake: kiwanda kimoja kilikuwa kinataka kubadilisha matanuri ya kukaushia majani ya chai, kwa kuwa tanuri jipya linatumia nusu ya kuni. Swali lilikuwa moja. Mnywaji ataona tofauti? Na akiiona, ataipenda au ataikataa?

Tulionja kwa mwaka mmoja na nusu. Vikao ishirini na viwili, waonjaji kumi na wawili, kila mmoja vikombe vitatu. Na tofauti tuliiona. Katika kila kikao tisa kati yetu, wakati mwingine kumi, walikitaja kikombe sahihi. Mimi nilipatia vikao ishirini. Kwenye nafasi ya maoni niliandika kuhusu chai mpya, "Hii imeamka." Daktari aliyapenda maneno hayo hata akayaingiza kwenye andiko lake yakiwa na alama za kunukuu, nami nikamsimulia kila mtu hadi kinyozi wangu.

Andiko lilipokaribia kukamilika ili lipelekwe kuchapishwa kwenye jarida la watafiti, Daktari alimwita shemeji ofisini akamwonyesha ukurasa wa kwanza. Chini ya kichwa cha habari kulikuwa na majina manne. La tatu lilikuwa la shemeji, lote kamili, lake, la baba yake na la babu yake.

"Daktari, hapa umekosea," akamwambia.

"Sijakosea, Mama. Bila mikono yako hakuna jaribio. Hii ni haki yako."

Shemeji alitoka nje, akarudi, akausoma tena akiwa amesimama, akatoka tena. Jumapili yake alimpelekea baba yake ule ukurasa. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyempeleka. Mzee alivaa miwani, akapitisha kidole chini ya lile jina, ambamo na yeye yumo, mpaka mwisho wake. Akamrudishia.

"Hii ni karatasi ya ofisini," akasema. "Likitoka jarida lenyewe uniletee."

Tangu hapo kila Jumapili, kabla hata salamu hazijaisha, anauliza, "Limetoka?" Mzee huyu hamuulizi mtu yeyote kitu chochote. Wajukuu wakifaulu anatikisa kichwa. Nilimwelewa, na shemeji alimwelewa kunizidi: alikuwa anangoja lile jarida ili ajiambie kwamba binti aliyemtoa shule hakuharibikiwa na kitu. Na shemeji, japo alijitia hamnazo, alikuwa analitaka kumkabidhi mkononi kuliko alivyopata kutaka chochote tangu nimjue.

Andiko lilikuwa lipelekwe Ijumaa. Jumatatu ya wiki hiyohiyo tulikuwa na kikao cha mwisho, cha ishirini na mbili. Yaliyotokea jikoni siku hiyo alinisimulia yeye. Mvuke ulikuwa mwingi, stika za vikombe viwili zikabanduka zikaanguka kaunta. Vikombe vyenyewe vimefanana, chai ndani imefanana. Shemeji aliziokota, akagusa kikombe cha kushoto, akagusa cha kulia, akabandika kila stika mahali pake, akaendelea. Alipofika kikombe cha tatu mbele akajiuliza: nimejuaje?

Alijua kwa vidole. Kile cha chai mpya kilikuwa cha moto zaidi.

Huko nyuma, kabla Daktari hajaja, alikuwa na msaidizi. Walikuwa wanamimina pamoja, huyu birika hili, yule birika lile. Msaidizi alipostaafu shemeji alikataa kupewa mwingine, akasema wasaidizi wanamchelewesha. Kwa hiyo alimimina peke yake: kwanza vikombe kumi na vinane vya chai ya zamani, kwa sababu birika lake liko jiko la karibu na mlango, kisha kumi na vinane vya chai mpya. Baada ya hapo anavipanga kwenye masinia kwa kufuata orodha ya Daktari, hiki kushoto, hiki katikati, vimechanganywa vizuri asitokee mtu wa kukisia. Orodha aliifuata bila kukosea hata mara moja. Ila moto nao ulifuata vikombe vyake. Juisi haijali ni ipi iliyomiminwa mwanzo. Chai inajali.

Jumanne alifika kabla ya wote, akamimina vyote thelathini na sita kama kawaida yake, akachukua kipimajoto. Ya zamani, digrii hamsini na nane. Mpya, sitini na tatu. Akamwaga, akarudia. Alirudia mara nne, kisha akaja kunitafuta. Nilikuwa naosha gari.

"Shemeji, zima hayo maji."

"Si unaona naosha gari?"

"Zima. Huo ulimi wako haujui chai."

Nilidhani ni utani wetu wa kila siku, nikajiandaa kumjibu. Alinieleza yote kwa mkupuo mmoja, huku anauzunguka ule mpira wa maji, anauruka, anarudi. Nilipomwelewa damu ilinichemka.

"Kwa hiyo mimi mwaka mzima na nusu nilikuwa naonja moto?"

"Ulikuwa unaonja haraka yangu."

"Na ile 'imeamka'?"

"Chai ya moto inatoa harufu zaidi, shemeji. Ingekuwa ile ya zamani imemiminwa mwisho, ungesema hiyo ndiyo imeamka."

Nilitupa sponji kwenye ndoo. Nilimwambia maneno ambayo sasa hivi nikiyakumbuka nasikia aibu. Nilimwambia afunge mdomo. "Nani anajua? Wewe na mimi tu. Ijumaa andiko linaondoka, jarida linatoka, mzee analishika mkononi. Yameisha."

"Na kiwanda kikivunja matanuri yake kwa sababu ya vidole vyangu?"

"Chai haijaua mtu."

"Siku nilipovunja birika nilisema. Siku nilipochanganya orodha ya juisi nilisema kabla hamjameza."

"Hilo lilikuwa birika. Hapa tunazungumzia jina lako, dada. Jina lako na la mzee."

Akaokota kitambaa changu akaanza kufuta mlango wa gari, mlango uleule, juu chini, juu chini. Nilimwacha afute. Kwa kinywa nilimtetea mzee, lakini moyoni nilikuwa nautetea ulimi wangu. Nilimtanguliza baba mkwe mbele nikajificha nyuma yake, mtu mzima na ndevu zangu.

Jioni alikuja kwetu bila taarifa. Akaingia moja kwa moja jikoni, akatoa sahani kabatini, safi kabisa, akaziosha. Akazikausha, akazirudisha, akatoa vikombe.

"Dada ana nini?" mke wangu akaniuliza sebuleni.

"Mafua."

"Mafua gani ya kuosha vyombo?"

Nilimsikia shemeji kule anafungua bomba, anafunga, anafungua, na kila likifunguka nilidhani sasa anakuja kumwambia mdogo wake yote na kwamba mumewe amemshauri aseme uongo. Hakuja. Aliaga kutokea mlango wa nyuma.

Jumatano hakukuwa na kikao chochote, lakini alichemsha maji mchana kutwa. Nilimwona dirishani anamimina kwenye vikombe vitupu, anatazama saa ya ukutani, anamwaga, anamimina tena. Mara tatu alitoka akaelekea ofisi ya Daktari. Mara ya kwanza alifika kwenye ngazi akageuka. Mara ya pili alifika mlangoni, Daktari yuko kwenye simu, akapunga mkono wa "hakuna neno" akaondoka. Mara ya tatu alinikuta mimi koridoni, tukatazamana, kila mtu akajifanya anapita. Mimi mwenyewe nilikuwa sina hali. Siku ile nilipeleka barua kwenye ofisi siyo, nikasahau kujaza mafuta, nikampigia honi mama wa watu aliyesimama kwenye kivuko akisubiri kwa haki yake. Kila nilichokunywa kilikuwa na ladha moja. Nilikuwa naomba ama Ijumaa ifike haraka, ama isifike.

Alhamisi asubuhi nilikuwa ofisini kwa Daktari nasubiri anitilie sahihi fomu ya safari. Andiko lilikuwa wazi kwenye kompyuta yake, anahesabu kurasa. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Shemeji aliingia na vikombe viwili.

"Daktari, shika."

"Mama, nipe dakika moja, nimalizie hii..."

"Shika kwanza."

Daktari alicheka kidogo, akashika kimoja mkono huu, kingine mkono huu.

"Kipi ni cha chai mpya?" shemeji akauliza.

"Sijaonja, Mama."

"Usionje. Kipi?"

Nilivitazama vidole vya Daktari. Vilijikunja, vikalegea, vikajikunja tena. Kile kicheko kilimtoka usoni polepole. Kisha akainua mkono wa kulia, kidogo tu.

"Ndiyo," shemeji akasema. "Hicho."

"Mara ngapi?"

"Vikao vyote. Vyote ishirini na viwili. Namimina ya zamani mwanzo, mpya mwisho. Zinapishana digrii tano, nimepima."

Daktari aliviweka vikombe mezani. Akavuta droo, akatoa karatasi ya utaratibu wa kazi, ile iliyobandikwa pia jikoni, akaisoma kwa sauti kana kwamba imeandikwa na mtu asiyemjua. "Mimina vikombe vyote, kisha panga kwa orodha." Akaisoma tena. "Sikuandika vimiminwe kwa mpangilio gani. Sikuandika vipimwe joto."

"Nimemimina mimi, Daktari."

"Nimeandika mimi!"

Sijawahi kumsikia akipaza sauti, kabla ya siku ile wala baada yake. Alijifunika uso kwa mikono. Shemeji alikuwa anahama mguu huu kwenda ule, huu kwenda ule, na mimi na fomu yangu nilitamani sakafu inifiche.

"Unajua maana yake, Mama? Siwezi kupeleka hiki kitu kesho. Na jina lako..."

"Najua."

"Ulimwambia baba yako."

"Nilimwambia."

Daktari aliniangalia mimi. "Na wewe dereva? Ulikuwa unajua?"

Ningeweza kudanganya. Shemeji asingenisaliti, nina hakika. "Tangu juzi," nikasema.

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia anyamaze."

Alitia sahihi fomu yangu akanipa, na nilishukuru kupata sababu ya kutoka.

Wiki mbili zilizofuata tulionja upya. Vikombe sasa vilikaa kwenye karai la maji ya moto, vyote kwenye digrii sitini. Daktari mwenyewe alivaa aproni akamimina birika moja, shemeji jingine, kwa kupokezana, kimoja wewe kimoja mimi, na kipimajoto hakitoki mkononi. Kila nilipopita nilisikia shemeji akiambiwa, "Polepole, Mama," naye akijibu, "Hii ndiyo polepole yangu."

Kikao cha kwanza niliingia kibandani nimejikaza kisabuni. Nilikuwa nimejiambia kwamba moto au si moto, ulimi wangu ni ulimi wangu, leo nitawaonyesha. Kijidirisha kikafunguka. Nikanywa cha kwanza. Chai. Nikasuuza mdomo, nikanywa cha pili. Chai. Nikasuuza, cha tatu. Chai. Nikarudi mwanzo. Jasho lilinitoka chini ya ile taa nyekundu. Nilijaribu kukumbuka nilikuwa natafuta nini zamani, nikagundua sijawahi kutafuta, kilikuwa kinajileta chenyewe. Karatasi mbele yangu inataka namba moja na haikubali "sijui". Niliandika namba ya katikati. Kikao cha pili niliandika ya kushoto. Cha tatu hata sikumbuki.

Vikao vitatu, watu kumi na wawili, majibu thelathini na sita. Wanaobahatisha wangepatia kama kumi na mbili. Sisi tulipatia kumi na tatu. Mimi sikupatia hata moja, na wenzangu, Mungu awalipe, hawakunicheka mpaka wiki iliyofuata.

Daktari alituita wote akatueleza bila kuzungusha. Tofauti tuliyoipata mwaka na nusu ilikuwa ya joto. Kama chai zenyewe zinatofautiana, sisi hatujui, na kutokujua kwetu si ushahidi kwamba zimelingana. Italazimu kuwatafuta waonjaji wengi zaidi, wasioijua habari hii, na kuanza mwanzo. Kiwanda kimeandikiwa kisubiri. Shemeji aliuliza swali moja tu, kutokea nyuma, karibu na mlango.

"Na jarida?"

"Sijui kama litakuwepo, Mama. Sitaki kukuahidi kitu."

"Sawa," akasema, akaenda kuosha vikombe.

Jumapili za katikati aliziruka; hii nilimpeleka kwa baba yake. Njiani alifungua kioo, akafunga, akafungua. Nilimwomba msamaha kwa yale ya siku ya kuosha gari. Akanijibu nitazame barabara.

Mzee tulimkuta kwenye chumba chake cha kazi, nyuma ya nyumba, anapiga msasa mguu wa kiti. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Shemeji akaanza kumwamkia, na kabla hajamaliza mzee akauliza, "Limetoka?"

"Halitatoka, baba."

Msasa ukasimama. Shemeji alimweleza pale pale, birika la kwanza, birika la pili, stika, vidole, digrii tano. Alieleza vizuri kuliko Daktari. Hakunitaja.

"Nani alikukamata?" mzee akauliza.

"Hakuna aliyenikamata."

"Nani alikuona?"

"Hakuna, baba. Niliona mwenyewe, nikasema mwenyewe."

"Ukijua jina litaondoka?"

"Nikijua."

"Na la kwangu."

"Na la kwako, baba. Unisamehe."

Mzee aliinama tena kwenye kiti chake. Msasa ulikwenda, ukarudi, ukaenda, ukarudi, mahali palepale, nikaona mti unakuwa mweupe. Shemeji akaanza kukusanya vikombe vya chai vilivyokuwa dirishani avipeleke kuoshwa. Mimi nilijisogeza mlangoni. Mkwe hapaswi kusikia kila kitu cha nyumba ya wakwe.

"Viache hivyo vikombe," mzee akasema. Na bila kumwangalia: "Ilikuchukua siku ngapi kusema?"

"Siku tatu."

"Tatu."

Akaweka msasa chini. Mikono ikawa haina pa kukaa, akaishika mmoja kwa mwingine.

"Mwalimu wako alikuja hapa mara mbili," akasema. "Kuniomba nikurudishe. Mara ya pili nilimwona anatokea kule mbele, nikajifungia chooni mpaka akachoka akaondoka. Mwaka mzima kabla ya hapo ulikuwa wa pili darasani. Nilikuwa najua."

"Baba, kulikuwa na watoto. Nani angewalea?"

Aliuliza kama mtu anayemsaidia mwenzake kubeba mzigo. Ni jibu lililolelewa katika nyumba ile kwa miaka arobaini, wote walikuwa wanaliamini, na yeye zaidi ya wote. Hapakuwa na mtu mwingine. Mke wangu alinisimulia hivyo tangu siku za uchumba.

"Shangazi yako," mzee akasema. "Alikuwa tayari kuja kukaa na watoto. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilikuwa sitaki maneno yake nyumbani mwangu." Akaokota msasa, akauweka tena. "Nilikosea, mwanangu. Wewe siku tatu. Mimi miaka arobaini nimekaa nalo."

Shemeji alikuwa na kikombe kimoja mkononi. Hakukiweka wala hakuondoka nacho.

"Shangazi alisema angekuja lini?" akauliza.

"Alikuwa ameshafunga mizigo," mzee akasema. "Alikuwa stendi, anasubiri nimwambie apande gari."

Hapo ndipo shemeji yangu alipolia, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la sita. Mzee alimsogelea akamshika kiganja cha mkono, vibaya, kwa kutojua, vumbi la mbao likimchafua. Nilitoka nikaenda kusimama karibu na gari, na nilikaa huko mpaka waliponiita.